AFYA YA NYUMBA: Dawa Kabla ya Jeraha

Tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja akaaye Bagamoyo. Barua yenyewe ni ndefu, lakini jambo lililomo tumeliona lafaa kuelezwa kwa kila nyumba isomayo gazeti hili, kwani ijapokuwa limeanza katika kinywa cha mzee mmoja, mwisho wake wafika mbali.

Asema ndugu yetu kwamba baba yake aling'olewa magego mawili zamani, na tangu hapo hutafuna kwa upande mmoja tu. Mwaka huu watoto wake wamechangishana fedha ili apandikizwe meno mapya huko Dar es Salaam. Tabibu wa meno amemkagua, akampa vidonge vinne vya amoksisilini, kila kimoja miligramu 500, yaani gramu 2 kwa jumla, akamwagiza avimeze vyote pamoja muda wa saa moja kabla ya kupasuliwa. Wala hakumwandikia vingine vya kutumia baadaye. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mama asema tabibu amewapunja, kwani vidonge vinne si dozi, na dozi aijuayo yeye ni ya siku nyingi. Baba mdogo asema kumeza dawa na hali mtu hajaugua ni upungufu wa tawakkul. Kijana mdogo wa nyumba, bila kumuuliza mtu, alishuka pikipiki mbele ya duka la dawa, akanunua rangi mbili ishirini na moja, ili baba atakaporudi azikute tayari. Ndugu yetu auliza, katika hawa ni nani mwenye haki?

Twajibu kwamba mwenye haki ni tabibu. Lakini jibu la neno moja halitoshi, maana kila mmoja katika hao watatu amesema lisemwalo na watu wengi wa pwani yetu, tangu Kunduchi na Bunju mpaka Kaole na Saadani. Yafaa kila mmoja ajibiwe kwa heshima yake.

Kwanza tueleze kazi yenyewe ni nini. Kupandikiza jino si kuvaa meno ya bandia, yale yavuliwayo usiku na kuwekwa katika gilasi ya maji. Tabibu hupasua ufizi, akatoboa mfupa wa taya, akatia humo kijiti cha madini kiitwacho titani, chenye mizunguko mfano wa skrubu. Kisha huachwa miezi kadhaa, aghalabu mitatu hata sita, mpaka mfupa ukikumbatie kijiti kile na kushikamana nacho, ndipo juu yake liwekwe jino. Sifa hii ya titani ilionekana na tabibu wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, mwaka 1952, alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura. Vyombo vyake vya titani alivyovipachika katika mifupa hiyo vilikataa kutoka. Mwaka 1965 akampandikizia mtu wa kwanza.

Wako wadhanio kuwa haya ni mambo ya Ulaya tu. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake kiitwacho At-Tasrif namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na namna ya kuchonga jino katika mfupa wa ng'ombe likawekwa mahali pa lililong'oka. Alichagua dhahabu kwa kuwa fedha hubadilika kinywani. Na kabla yake tunayo habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahili. Alijifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, naye Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Habari hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na juu yake maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafii wamejenga ruhusa ya jino la dhahabu kwa mwanamume aliyepoteza jino lake. (Ruhusa hiyo ni ya mwenye haja. Wale walioyavika dhahabu meno mazima ili yang'ae wanapocheka kwenye harusi watafute dalili nyingine.) Basi ikiwa dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume, imeruhusiwa kwa haja, titani haina hata shubuha hiyo.

Sasa twende kwa baba mdogo na tawakkul yake. Nia yake ni njema, lakini mwenye kuacha sababu hakumtegemea Mungu zaidi ya yule aliyeishika. Bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, aliamriwa amfunge kisha ategemee. Na Sayidna Umar (r.a.), alipofika Sargh njiani kwenda Sham na kupewa habari ya tauni, alirudi na watu wake, na hali hapana hata mmoja kati yao aliyekwisha kuugua. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari yake kuingia katika kadari yake. Kujikinga na lijalo, basi, kuna asili katika mwenendo wa watu wema. Linalobaki ni kujua kama kinga hii yafaa kwa jambo hili, na hilo si la fikihi. Ni la elimu ya utabibu.

Kinywa cha mwanadamu, hata cha mwenye kupiga mswaki kila sala, kina aina mamia ya vijidudu. Wengi wao hawana dhara maadamu wako mahali pao. Ufizi unapopasuliwa na mfupa kutobolewa, hupata njia ya kuingia ndani, na huko hukuta kitu kisicho na damu, nacho ni kile kijiti. Vijidudu vikikishika chuma hujenga utando mwembamba wa kujifunika, na vikiisha kujifunika dawa huvifikia kwa taabu sana. Kwa hiyo saa ya kuvishinda ni ile ile ya kupasuliwa, kabla havijapata kukaa. Amoksisilini ikimezwa hufikia nguvu zake katika damu baada ya muda wa saa moja au mbili. Ndiyo maana mzee aliambiwa muda wa saa moja kabla, si jana yake, wala si baada ya kurudi Bagamoyo na kujinyoosha. Damu inayotoka kwenye jeraha huwa tayari imebeba dawa. Mlinzi huwekwa mlangoni kabla ya mwizi kuingia, na akija baadaye atamkuta amekwisha kujifungia chumbani.

Wala hili si dhana ya tabibu mmoja. Mwaka 2013 jumuiya ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima, ilitoa hesabu ya majaribio sita yaliyofanywa juu ya watu 1162 waliopandikizwa meno. Ilionekana kwamba gramu 2 au 3 za amoksisilini, zikimezwa mara moja tu muda wa saa moja kabla ya kupasuliwa, zapunguza kushindwa kwa meno hayo. Katika kila watu 25 waliopewa dawa, mmoja alisalimika na hasara ambayo ingempata kama asingepewa. Faida hiyo si kubwa ya kushangaza, lakini si haba kwa mtu ambaye watoto wake wamechangishana fedha nyingi.

Hapa mama wa nyumba atatuuliza, na siku zinazofuata je? Katika hesabu hiyo hiyo haikuthibitika kwamba kuendelea na vidonge baada ya kupasuliwa kwaongeza faida. Tabibu, basi, hakumpunja mtu. Dozi si idadi ya siku iliyowekwa tangu azali. Dozi ni kiasi kinachotosha kwa kazi iliyokusudiwa. Nimonia ina dozi yake, kidonda kilichooza kina dozi yake, na kinga ya saa moja ya kupasuliwa ni mara moja. Twamwelewa mama, kwani amezoea kuambiwa hospitali, tena kwa haki, kwamba asiache dawa katikati. Lakini neno hilo lahusu dawa aliyoandikiwa mgonjwa, wala halina maana kwamba kila dawa iendelee juma zima. Huenda tabibu akaona kwa mgonjwa fulani haja ya kuongeza, kwa mfano mwenye kisukari kisichotulia, au aliyeongezewa mfupa. Hilo ni la tabibu aliyemwona mgonjwa.

Twaongeza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa, kwamba dawa hii si badala ya usafi. Vyombo visivyochemshwa kwa mvuke ipasavyo, au mikono isiyooshwa, havisafishwi na vidonge vinne. Na mzee mwenyewe, kama ni mvutaji wa sigara, au mtafunaji wa tambuu iliyotiwa tumbaku, ajue kwamba moshi na tumbaku vina uadui mkubwa na ufizi, na kuviacha kutamlinda kuliko mfuko mzima wa vidonge.

Sasa tumfikie kijana na rangi mbili zake, na hapa tutakaa kidogo, kwani yeye ndiye aliyetufanya tuichague barua hii.

Hapana mji wala kijiji katika njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kisicho na duka la dawa. Serikali ilianzisha mpango wa maduka ya dawa muhimu mwaka 2003, kwa kuanzia mkoa wa Ruvuma, ili watu wa mbali na mahospitali wapate dawa njema kwa wauzaji waliofundishwa, na mpango huo umeleta kheri nyingi. Sheria yataka antibiotiki, yaani dawa za kuua vijidudu, ziuzwe kwa cheti cha tabibu. Lakini wote twajua yanayotendeka. Mtu huja akasema, "Nipe rangi mbili za mia tano," akapewa mbili au nne, akameza moja saa ile kwa maji ya chupa, nyingine akatia mfukoni. Jino linauma, rangi mbili. Jino limeng'olewa, rangi mbili lisivimbe. Mtoto ana mafua, afunguliwe kapsuli moja na unga wake ukorogwe katika chai. Ajabu ni kwamba jino likiuma kwa kuoza kiini chake, amoksisilini haliponyi, kwa sababu damu haifiki tena ndani ya jino hilo ipasavyo. Linaloliponya ni mkono wa tabibu, kwa kulisafisha na kuliziba au kuling'oa. Maumivu yakipungua kidogo mtu hudhani ni dawa, kumbe jino limekufa, na usaha unatafuta njia.

Hata kwa kung'oa jino, mwenye afya hana haja ya dawa hizi kila mara. Hesabu nyingine ya Cochrane, ya mwaka 2021, yaonyesha kwamba katika kung'oa magego ya mwisho yaliyozama, watu wapatao 19 wenye afya hupewa dawa ili mmoja wao asalimike na uambukizo. Watu 18 waliobaki wameimeza bila faida, na baadhi yao kwa madhara. Wakusanyaji wa hesabu hiyo hawakuona vyema kuwapa wote.

Madhara hayo si ya kubuni. Kuna watu ambao miili yao haipatani na penisilini na jamaa zake, na amoksisilini ni mmoja katika jamaa hizo. Mtu wa namna hii aweza kuvimba uso, kuwashwa mwili mzima, kubanwa na pumzi, hata kufa katika muda mfupi. Kabla ya kupokea dawa hiyo mgonjwa aseme kama aliwahi kupata vipele au kubanwa na pumzi baada ya sindano au kidonge. Tabibu huuliza habari hii. Dukani, mbele ya foleni, mara nyingi hapana aulizaye.

Lakini lililo kubwa zaidi ni la jirani. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipokuwa Stockholm mwaka 1945 kwa ajili ya tuzo ya Nobel alitoa mfano wa mtu aliyejinunulia dawa hiyo kwa ajili ya koo lake, akatumia kidogo isivyotosha. Vijidudu havikufa, bali vilijifunza kuistahimili. Kisha akamwambukiza mkewe vijidudu hivyo vilivyokwisha kufundishwa, naye mke akafa, kwa kuwa dawa haikumfaa tena. Fleming aliutoa mfano huo wakati penisilini ilikuwa bado mpya kwa watu wengi. Elimu ya baadaye imezidisha kwamba si kiasi kidogo pekee kifundishacho vijidudu usugu. Kila mara dawa inapomezwa pasipo haja, kila siku inayozidishwa bila sababu, vijidudu vilivyomo mwilini hupata somo jingine. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1 na laki 2 na elfu 70 duniani walikufa moja kwa moja kwa uambukizo wa vijidudu visivyosikia dawa. Tanzania ilitoa mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka 2017, na mpango wa pili ukafuata kuanzia 2023.

Na dawa yenyewe ni ipi? Ni hii hii. Amoksisilini ndiyo dawa ambayo Shirika la Afya Duniani laitaja kuwa ya kwanza kumpa mtoto mchanga wa miezi kadhaa au miaka michache aliyeshikwa na nimonia, kwa vidonge vinavyoyeyushwa katika maji. Ni rahisi, yapatikana hata zahanati ya kijijini, na imeokoa watoto wengi. Mama wa Mlingotini au Kerege ambaye mtoto wake anapumua kwa kishindo usiku wa manane hana fedha ya dawa za bei kubwa, wala hana gari la kumfikisha Muhimbili. Tegemeo lake ni dawa hii nyepesi iendelee kufanya kazi. Tunapoitafuna kama bisi kwa kila jino linalouma, twapunguza nguvu ya kitu tusichokimiliki peke yetu. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na hatujui mlango wa nyuma utakaomtoa nje ya neno hilo mtu anayeiharibu dawa ya mtoto wa jirani.

Bagamoyo, katika miji yote, haifai kuambiwa kwamba dawa ni amana ya watu wote. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mashuhuri wa mji huo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake kwa mahospitali na shule, na hospitali ya Dar es Salaam iliyochukua jina lake ndiyo asili ya Muhimbili ya leo.

Na muuzaji wa dukani naye asijione yuko nje. Imepokewa na Abu Daud na wengine kwamba Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kujifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mwenye dhamana, yaani akimdhuru mtu itampasa alipe. Maulamaa wameieleza hukumu hii kwa urefu katika mlango wa diya. Muuzaji anayemkabidhi mteja kapsuli nne bila cheti na kumwambia, "Meza, utapona," amejiingiza katika dhamana hiyo kwa faida ya shilingi chache.

Yako mambo madogo ambayo ndugu yetu hakuyauliza, ila twayataja kwa kuwa wengine watayauliza. Kama kupasuliwa kumeangukia Ramadhani, mgonjwa asimeze vidonge wakati wa daku kwa ajili ya kupasuliwa adhuhuri, maana nguvu yake itakuwa imekwisha pungua sana. Amwombe tabibu aahirishe mpaka baada ya Idi, kwani jino la kupandikiza si jambo la dharura. Ama mwenye jipu la jino lililovimba, huyo ni mgonjwa, na ruhusa ya kufungua imo katika Kurani. Kuhusu kapsuli, ganda lake hufanywa kwa jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe. Amoksisilini yapatikana pia kwa vidonge visivyo na ganda, basi mwenye shaka aulize mapema. Aulize vilevile kama tabibu atatia unga wa mfupa kujaza taya, kwani unga huo hutoka kwa wanyama mbalimbali. Wenye vali za bandia za moyo, waliowahi kuambukizwa ndani ya moyo, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo, wamwarifu tabibu kabla ya kung'olewa hata jino moja. Hao hupewa kinga kwa sababu nyingine, nayo ni kulinda moyo.

Na yeyote aliyevimba taya mpaka chini ya ulimi au shingoni, akashindwa kufungua kinywa au kumeza, au pumzi ikawa nzito, asisubiri asubuhi wala asipite dukani. Apelekwe hospitali usiku ule ule. Uvimbe wa namna hiyo huziba njia ya hewa.

Kwa hiyo mzee avimeze vidonge vyake vinne kama alivyoagizwa. Kapsuli ishirini na moja za kijana zisiwekwe kabatini kungoja mgonjwa mwingine, wala asipewe jirani kwa wema, wala zisitupwe chooni au kisimani. Zipelekwe kwa mfamasia au hospitali ya wilaya, waziharibu kwa njia yao. Fedha imepotea, lakini kijana asilaumiwe sana, kwani alimpenda baba yake.

Suali la pili la ndugu yetu, juu ya wang'oao watoto wachanga yale yaitwayo "meno ya nailoni", tumeliweka kwa mwezi ujao, inshallah, kwa kuwa lina maneno mengi.